Bustani ya mtaa ikigeuka kichaka: wakazi wa Kizota wamuulize nani?

Kwa wiki kadhaa sasa, simu na ujumbe mfupi mnaotutumia kutoka Kizota vimerudia jambo moja. Si bei ya mahindi wala mgao wa maji, ingawa hayo nayo hayakosekani. Ni maeneo ya wazi. Mnatuambia kwamba viwanja vilivyoachwa katikati ya makazi ili watoto wacheze na wazee wapunge upepo vimeota vichaka, vimejaa mifuko ya taka, na jua likizama hakuna anayethubutu kukatiza. Akina mama wanaotoka alfajiri kuwahi sokoni wanazunguka njia ndefu. Watoto wa shule wanaambiwa wapite barabarani, kwenye malori, kuliko kupita kwenye nyasi. Na pale palipowahi kuwa na bembea, mmetuambia, kimebaki chuma kimoja kilichopinda.

Kwa msikilizaji wa Bahi au Chamwino ambaye Kizota anaipita tu akiwa ndani ya basi, tuseme kwamba ni kata ya upande wa magharibi wa Jiji la Dodoma, kwenye barabara iendayo Singida. Wengi mnaijua kwa maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, na kwa ule ukumbi mkubwa ambamo CCM ilifanyia mikutano yake mikuu kabla ya kujenga ukumbi mpya. Ni kata ya viwanda, maghala, na nyumba zinazoongezeka kila mwezi. Sehemu ya kupumzika ni chache, na hizo chache ndizo zinazolalamikiwa.

Hatutaji mtaa mmoja katika makala haya, kwa sababu malalamiko yanafanana kutoka mtaa hadi mtaa, na kwa sababu jambo tunalotaka kulieleza linahusu yote. Kati ya waliotupigia, wapo waliosema hivi: "Bora hata wangejenga tu, hilo eneo halina faida." Tunawaelewa. Mtu ambaye binti yake anachelewa kurudi tuisheni hana muda wa kusikia habari za ramani. Lakini kauli hiyo ndiyo inayotutia hofu kuliko vichaka vyenyewe.

Malalamiko ya usalama yana njia mbili za kuishia. Ya kwanza, eneo linafyekwa, linawekewa taa na mtu wa kulitunza. Ya pili, mtu mwenye uwezo anasikia kwamba "wananchi wenyewe hawalitaki", anapeleka ombi, na baada ya mwaka mmoja au miwili mnaona mawe na nondo vinashushwa. Vibaka wameondoka, ndiyo. Na uwanja nao umeondoka, na haurudi.

Dodoma ilipangwa kuwa na nafasi

Tukumbushane kidogo. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu yahamie Dodoma, na mwaka huohuo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo wengi bado tunaiita CDA. Mpango kabambe wa kwanza wa mji ulikamilika mwaka 1976, ukiandaliwa na kampuni ya Canada iitwayo Project Planning Associates. Wapangaji wale hawakuwaza mji wa maghorofa yaliyobanana. Waliwaza makazi madogomadogo yanayojitegemea, kila moja na shule na maduka yake, watu wakitembea kwa miguu au kupanda basi, na katikati ya makazi hayo mikanda ya kijani ya kuunganisha sehemu moja na nyingine. Kwa maneno mengine, yale maeneo ya wazi mnayoyaona hayakubaki wazi kwa sababu mtu alisahau kuyauza. Kuachwa wazi ni sehemu ya ramani.

Kisha mambo yakaenda polepole kwa miaka mingi, serikali ikabaki Dar es Salaam, na fedha za kutunza kilichopangwa hazikutosha. Halafu ghafla mambo yakaenda mbio. Julai 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali inahamia Dodoma. Mei 2017 akaivunja CDA, na kazi zake pamoja na mali zake zikahamishiwa Manispaa. Aprili 26, 2018 Manispaa ikatangazwa kuwa Jiji. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Dodoma mjini. Ile ya 2022 ikahesabu 765,179. Ndani ya miaka kumi watu wamekaribia kuwa mara mbili.

Hebu fikiria maana yake kwa kiwanja kilichokaa wazi mita chache kutoka barabara ya lami. Bei ya ardhi imepanda, wanaotafuta viwanja ni wengi, na ofisi inayopima, inayogawa na inayopaswa kulinda maeneo ya wazi ni ileile moja. Kabla ya 2017, mwananchi aliyekuwa na shida ya ardhi alikwenda CDA na aliyekuwa na shida ya taka alikwenda Manispaa. Walilalamika sana juu ya huko kugawanyika, na walikuwa na sababu. Siku hizi mlango ni mmoja. Hilo lina faida yake: mnajua pa kugonga. Ugumu wake ni kwamba foleni ya kwenye mlango huo ni ndefu, na bustani ya mtaa huwa mwisho wa foleni, nyuma ya madarasa, zahanati na barabara.

Danadana

Mwenyekiti wa mtaa ndiye anayepigiwa kelele kwanza. Anakaa jirani, namba yake ya simu inajulikana, na mlimchagua Novemba 27, 2024 pamoja na wenzake nchi nzima. Lakini mtaa si kama kijiji, na hapa tunaomba wasikilizaji wa vijijini wasikilize kwa makini. Halmashauri ya kijiji kisheria ni chombo kinachoweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa, na kutunga sheria ndogo. Ardhi ya kijiji iko chini yake, na mkutano mkuu wa kijiji una kauli. Mtaa wa mjini hauna nguvu hizo. Mwenyekiti wa mtaa hana akaunti ya kununulia taa wala mamlaka ya kumfukuza mtu aliyepewa kiwanja. Ana muhuri, ana mtendaji wa mtaa ambaye ni mwajiriwa wa Jiji, na ana uwezo wa kuitisha mkutano. Tusidharau mkutano, tutarudi kwake. Lakini mkimdai taa mnamwonea.

Taa zenyewe zina wenyewe zaidi ya mmoja. Zile za kando ya barabara kuu, kama hii ya Singida, ziko upande wa TANROADS. Zile za barabara za ndani ziko upande wa TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017 kusimamia barabara za vijijini na mijini. TANESCO inauza umeme tu. Sasa taa iliyosimama katikati ya uwanja, mbali na barabara yoyote, ni ya nani? Si ya barabara, kwa hiyo TARURA watakwambia si yao, na hawatakuwa wamekosea. Hiyo ni ya Halmashauri ya Jiji, na kama haimo kwenye bajeti ya Jiji basi haipo. Mwananchi asiyejua tofauti hii anaweza kuzunguka ofisi tatu, kila moja ikimjibu ukweli, na akarudi nyumbani hana kitu.

Kwenye taka ni hivyohivyo. Ada ya taka mnayolipa kwa mwezi ni ya kuzoa taka za nyumbani, na gari linafuata nyumba. Kiwanja hakina nyumba, hakina mlipaji, kwa hiyo hakimo kwenye ratiba. Na tuseme ukweli mwingine ambao hautapendwa: taka nyingi zilizo kwenye maeneo hayo hazikuletwa na upepo. Zimetupwa usiku na watu wanaoishi hatua mia moja kutoka hapo, baadhi yao wakiwa wale wale wanaolalamika mchana.

Kuhusu wahalifu, kazi ni ya polisi, na siku hizi kata zina mkaguzi wa polisi aliyepangiwa kata, ambaye namba yake inafaa kuwa kwenye simu ya kila mjumbe. Vikundi vya ulinzi shirikishi navyo vipo. Lakini doria inapita na kuondoka. Kichaka kinabaki palepale, na kinamficha mtu yeyote anayetaka kujificha.

Ukuta si dawa

Katika ujumbe wenu, ombi linalotajwa kuliko yote ni ukuta. "Wajenge ukuta na geti, lifungwe saa kumi na mbili." Linaonekana ni ombi la busara. Sisi hatukubaliani nalo, na tuna sababu.

Ukuta wa tofali unamficha kibaka kuliko nyasi zinavyomficha. Aliye nje haoni kinachotokea ndani, na aliye ndani akipiga kelele hasikiki vizuri. Geti nalo linahitaji mtu wa kulifunga na kulifungua, na mtu huyo anahitaji mshahara. Siku mshahara ukikosekana, geti litafungwa moja kwa moja au litang'olewa na kuuzwa chuma chakavu.

Jambo hili limepimwa mahali pengine. Katika mji wa Philadelphia, Marekani, watafiti walichukua viwanja 541 vilivyotelekezwa kwenye mitaa mbalimbali na kuvigawa kwa bahati nasibu. Vingine vilisafishwa: taka zikaondolewa, ardhi ikasawazishwa, nyasi na miti michache ikapandwa, na kukawekwa uzio mfupi wa mbao wenye nafasi za kupita, kisha vikaendelea kutunzwa. Vingine viliachwa vilivyo ili kulinganisha. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba katika mitaa ya watu maskini, matukio ya kupigana risasi kuzunguka viwanja vilivyosafishwa yalipungua kwa asilimia 29. Angalieni ule uzio. Ulikuwa mfupi. Kazi yake haikuwa kuzuia watu kuingia. Ulikuwa unaonyesha kwamba mahali hapa pana mwenyewe, na gari la taka lisimwage hapa.

Mjini New York nako waliweka taa kali kwenye makazi ya umma yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu, mwaka 2016, na makosa makubwa ya jinai ya usiku nje ya majengo yakapungua kwa zaidi ya theluthi. Philadelphia si Kizota na New York si Kizota. Huko bunduki ndiyo tatizo, huku ni simu kunyakuliwa, mikoba, na mambo mabaya zaidi ambayo mabinti hawayasemi redioni. Lakini kichaka ni kichaka na giza ni giza, na gharama ya kufyeka na kuweka taa haiwezi kulinganishwa na ya kujenga ukuta.

Kitu kingine kinacholinda eneo ni watu wenye sababu ya kuwepo hapo. Nendeni Nyerere Square katikati ya jiji, au Chinangali, bustani iliyojengwa kupitia mradi wa miji ya kimkakati uliogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mtaona wapiga picha, wauza vinywaji, wanafunzi wenye vitabu, wazazi na watoto. Mtu mwenye nia mbaya anaangaliwa na macho mengi yasiyolipwa mshahara. Kwa mtaa wa Kizota, macho hayo yanaweza kuwa mama lishe wawili, fundi baiskeli na kijiwe cha bodaboda kwenye kona, wakipewa nafasi rasmi kwa sharti la kufagia na kuwa hapo hadi saa mbili usiku. Mara nyingi wafanyabiashara hawa ndio wa kwanza kufukuzwa kwenye maeneo ya wazi kwa jina la usafi, na wakishafukuzwa eneo linabaki la wavuta bangi. Sharti letu moja tu: wawe pembeni na wasizidi. Vibanda vikijaa hadi katikati, uwanja umekuwa soko, na watoto wamekosa tena.

Maji, ambayo watu husahau

Wanaotaka bustani ya Kizota ifanane na zile za kwenye televisheni wasahau kwanza. Dodoma hupata mvua ya milimita mia tano na kitu hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, kisha miezi saba ya ukavu na upepo wa vumbi. Maji ya jiji kwa sehemu kubwa yanatoka kwenye visima vya Mzakwe, na DUWASA wanahangaika kuyatosheleza majumbani. Kumwagilia nyasi za mapambo Agosti huku mama anasubiri ndoo ni jambo ambalo hata sisi tusingelitetea.

Kwa hiyo miradi mingi ya kijani mjini kwetu inafuata njia ileile. Inazinduliwa kwa ngoma, miche inapandwa, picha zinapigwa. Ikifika Septemba miche imekuwa vijiti. Kisha mvua ya Desemba inaotesha magugu badala ya miche, na hayo magugu ndiyo vichaka vya Machi ambavyo mnavilalamikia. Hiki ndicho kiini cha matunzo Dodoma, na mtu akitaka kujua kama bustani itadumu, asiulize imegharimu kiasi gani kujenga. Aulize nani atafyeka Februari na nani atamwagilia Septemba.

Mti unaofaa tunaujua. Mwarobaini unavumilia ukame, unatoa kivuli kizito, na mbuzi hawaupendi. Ukipandwa mvua zinapoanza na kumwagiliwa misimu miwili ya kiangazi, baadaye unajitegemea. Uchanja wa ardhi iliyofagiliwa vizuri, miarobaini sita, mabenchi ya zege yasiyoweza kuibwa, nguzo mbili za magoli na taa mbili za jua zilizowekwa juu sana: hiyo ni bustani tosha kwa mtaa wetu. Mabenchi ya chuma yaachwe, bei ya chuma chakavu inajulikana na kila mtu.

Jirani zetu walivyofanya

Tumesema kwamba eneo linaloitwa hatari liko karibu kunyang'anywa. Nairobi ina mifano mingi. Mwaka 1989 ilipangwa kujengwa jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Profesa Wangari Maathai aliandika barua kwa kila aliyehusika, akatukanwa hadi bungeni, lakini mwishowe wafadhili walijiondoa na jengo halikujengwa. Miaka michache baadaye ikawa zamu ya Jeevanjee Gardens, bustani ndogo katikati ya mji iliyotolewa kwa watu wa Nairobi na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee mwanzoni mwa karne iliyopita. Mwaka 1991 kulikuwa na mpango wa kuiporomoshea majengo na maegesho. Mjukuu wake, Zarina Patel, aliongoza upinzani na bustani ikabaki.

Lakini mfano unaotufaa zaidi ni msitu wa Karura, kaskazini mwa Nairobi. Miaka ya tisini viwanja ndani ya msitu huo viligawiwa kwa wajenzi, na Wangari Maathai na wenzake walipigwa Januari 1999 walipokwenda kupanda miti. Msitu uliokolewa, lakini haukuwa salama. Kwa miaka kumi iliyofuata ulibaki mahali pa kuogopwa, pa wanyang'anyi na maiti zilizotupwa. Kilichoubadilisha ni makubaliano ya miaka ya 2009 na 2010 kati ya Huduma ya Misitu ya Kenya na chama cha wakazi, Friends of Karura. Walinzi waliajiriwa, na baadhi yao walitoka katika kijiji cha Huruma, makazi ya watu wa kipato cha chini yanayopakana na msitu. Watu waliokuwa wakionekana kuwa tatizo wakawa walinzi wa mali hiyo. Tangu 2011 umma unaingia kwa kiingilio kidogo, na wanawake wanakimbia humo peke yao asubuhi.

Tusichukue kila kitu. Karura ina eneo la zaidi ya hekta elfu moja na imezungukwa na mitaa ya matajiri na balozi, inaweza kutoza kiingilio na kuweka uzio wa umeme. Mtoto wa Kizota asitozwe shilingi kwenda kucheza mpira. Cha kuchukua ni kile kipande cha karatasi: makubaliano ya maandishi kati ya mwenye eneo na wanaolitumia, yanayosema nani anafanya nini na fedha zinapita wapi. Kwetu yangekuwa kati ya Halmashauri ya Jiji na kikundi kilichosajiliwa cha mtaa. Vikundi vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu tayari vina haki ya kuomba mikopo isiyo na riba kutoka asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri. Kikundi chenye kibanda cha juisi pembeni ya uwanja na mkataba wa kuufyeka kina sababu ya kuufyeka.

Forodhani ya Unguja nayo ilikuwa imechakaa kabla ya kukarabatiwa na Taasisi ya Aga Khan ya Utamaduni na kufunguliwa upya mwaka 2009. Wauza urojo na mishikaki hawakufukuzwa. Walipangwa. Usiku ndipo inapojaa watu, na watu ndio taa yake ya pili.

Nini cha kudai

Watu wengi hawajui kwamba sheria iko upande wao hapa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inasema kila mtu anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na haki hiyo inagusa pia kufikia maeneo ya umma kwa ajili ya mapumziko, elimu na afya. Uwanja wa mtaa si zawadi mnayoomba. Na chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, kiwanja kilichochorwa kuwa eneo la wazi hakiwezi kugeuzwa kuwa cha makazi au biashara kimyakimya. Kubadili matumizi kuna utaratibu: maombi, tangazo, na nafasi ya wananchi kupinga. Tangazo linapobandikwa kwenye nguzo, lisomeni. Wengi hulipita wakidhani ni la mwendesha maombezi au mganga.

Swali la kwanza, kwa hiyo, kabla ya taa na kabla ya fyekeo: eneo hili limeandikwa nini kwenye ramani ya mipango miji, na namba yake ni ipi? Jibu linatoka kwa ofisi ya mipango miji ya Jiji, na kliniki za ardhi ambazo Wizara ya Ardhi huziendesha mara kwa mara ni nafasi nzuri ya kuuliza mbele ya watu. Ulizeni kwa maandishi. Jibu la mdomo haliwezi kuoneshwa kwa diwani mpya wala kwa mahakama. Likirudi jibu kwamba ni eneo la wazi, litungiwe kibao cha chuma chenye namba hiyo na kisimikwe palepale. Kibao hakifyeki nyasi, lakini mtu anayetaka kujenga atalazimika kuking'oa mbele ya macho yenu.

Baada ya hapo ndipo mkutano wa mtaa, ule tuliosema tusiudharau. Malalamiko ya kila mtu kwenye simu yake hayana muhtasari. Mkutano una muhtasari, wenye tarehe, idadi ya waliohudhuria na azimio, na huo unapanda hadi Kamati ya Maendeleo ya Kata ambako diwani ni mwenyekiti, kisha Baraza la Madiwani. Azimio liseme mambo machache yanayopimika. "Tunaomba usalama" haliingii kwenye bajeti. "Taa mbili za jua, mabenchi manne, na kufyeka mara tatu kati ya Januari na Aprili" linaingia, kwa sababu mhasibu anaweza kuliwekea bei. Na liwahi. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, mapendekezo ya kata hukusanywa miezi mingi kabla, na ombi linalofika Mei limefika kwenye sahani iliyoshaoshwa.

Waitwe pia wale wasiopenda kuja. Wanaume huomba uwanja wa mpira na kuondoka. Wanawake na mabinti wanajua ni kona ipi wanayoogopa, saa ngapi, na kwa nini. Taa mbili zinatosha zikiwekwa penye hofu, na kumi hazitoshi zikiwekwa penye magoli.

Kwa wasikilizaji wetu wa vijiji vinavyozunguka jiji, mnaosoma haya mkidhani ni mambo ya mjini: angalieni upande gani mji unakuja. Vijiji vingi vya jana ndivyo mitaa ya leo. Uwanja wa mpira wa kijiji chenu, ule mti mkubwa mnaokutania chini yake, leo viko chini ya halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu. Siku kijiji kikiwa mtaa, kauli hiyo inahamia mjini, na kile ambacho hakikuandikwa kwenye mpango wa matumizi ya ardhi kitahesabiwa kuwa kiwanja kitupu. Wapima wakifika na vigingi vyao, mtu awaoneshe uwanja kabla hawajafika kwenye mashamba.